Shule ya lugha iwekwe mtaa wa nani? Jengo, basi na kura ni uamuzi mmoja

Katika wilaya nyingi za shule nchini Marekani, anwani ya nyumbani ndiyo humpangia mtoto shule. Bodi ya shule huchora mipaka, na anayeishi ndani ya mpaka nafasi yake ipo. Pembeni ya shule hizo za mtaa kuna shule za hiari: mzazi yeyote wa wilaya huomba, na maombi yakizidi nafasi, kura ya bahati huamua. Baadhi ya shule hizi hufundisha hesabu na sayansi kwa Kihispania, Kimandarini, Kijapani au Kifaransa tangu chekechea, ili mtoto azame ndani ya lugha badala ya kuisoma kama kipindi cha nusu saa. Sasa shule isiyo na mtaa wake, iwekwe mtaa wa nani?

Kwa kawaida swali hili hukabidhiwa idara ya majengo, nayo hujibu kama idara ya majengo: iwekwe penye vyumba vitupu. Halafu idara ya usafiri huulizwa kama kuna basi, na idara ya uandikishaji ikaachiwa kutunga kanuni za kura. Vikao vitatu, majibu matatu, na hakuna aliyeamua ni watoto gani hasa watakaoingia mlangoni. Kumbe hilo ndilo lililokuwa linaamuliwa muda wote.

Cha kuanzia ni aina ya programu, kwa sababu zipo mbili na kila moja ina mantiki yake ya mahali. Mwaka 1963, Coral Way huko Miami ilianza kuwafundisha pamoja watoto wa wakimbizi kutoka Cuba na watoto wa Kimarekani, kwa Kihispania na Kiingereza, kila kundi likiwa mwalimu wa mwenzake. Hiyo ni programu ya pande mbili. Mwaka 1965, katika kitongoji cha St. Lambert, Quebec, wazazi wanaozungumza Kiingereza waliisukuma shule iwafundishe watoto wao kwa Kifaransa tangu chekechea, na mwaka 1971 Culver City huko California ikaichukua mbinu hiyo kwa Kihispania. Humo watoto wote, au karibu wote, huanza bila lugha lengwa, yaani ile wanayokwenda kujifunza. Hiyo ni ya upande mmoja.

Ya pande mbili haiwezi kuwekwa popote. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila lugha iwe na angalau theluthi moja ya watoto walioianza nyumbani; nusu kwa nusu ndiyo bora. Chini ya theluthi, lugha ya wachache hubaki mdomoni mwa mwalimu tu, na uwanjani watoto hurudi kwenye Kiingereza. Kwa hiyo jengo la programu ya Kihispania linapaswa kuwa mahali ambapo mama anayekwenda kazini alfajiri bila gari anaweza kumwacha mtoto na kuwahi basi lake. Ikiwekwa upande wa pili wa wilaya, wenye Kihispania hawaombi. Wanaoomba ni wenye gari na muda.

Upande wa pili wa hoja una uzito wake. Shule yenye sifa ikishushwa katika mtaa wa kipato cha chini, huvuta macho ya wanunuzi wa nyumba, na kama kila mwenye anwani ya mtaani ana haki ya nafasi, anwani yenyewe hupanda bei. Shule ya Oyster mjini Washington, iliyoanza programu yake ya Kihispania mwaka 1971, iko Woodley Park, mtaa ambao leo si wa mhamiaji anayeanza maisha. Ukifunga mpaka, unailinda jamii iliyopo leo, lakini huwezi kuilinda dhidi ya soko la nyumba la miaka 20 ijayo. Ukiufungua kwa kura ya wilaya nzima, wenye taarifa na muda ndio wanaojaza fomu mapema.

Seattle inatumia njia ya katikati. Shule zake za hiari huwa na eneo dogo la kipaumbele kuzizunguka: anayeishi humo hana nafasi ya uhakika kama ya shule ya mtaa, lakini ombi lake husomwa kabla ya la mtu wa mbali, na nafasi zinazobaki huenda kwa wengine. Ubora wa njia hii ni kwamba eneo la kipaumbele linaweza kuchorwa upya bila kumng'oa mtoto aliye darasani. Udhaifu wake ni kwamba eneo likiwa kubwa kupita kiasi, shule inakuwa ya mtaa kwa jina lingine. Kwa programu ya pande mbili kuna dawa ya ziada: kugawa kura katika mafungu mawili kwa lugha ya nyumbani, na kumpima mtoto lugha hiyo kwa mazungumzo mafupi badala ya kuamini kisanduku alichotia alama mzazi. Wilaya inayoruka hatua ya kupima hugundua Oktoba kwamba nusu ya "wazungumzaji" wanajua kuhesabu hadi kumi tu.

Kuhusu rangi, sheria imebana lakini haijafunga. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyoihusu wilaya ya Seattle pamoja na ile ya Louisville, ilikataza kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa kutazama rangi yake. Jaji Anthony Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyotimiza wingi, aliandika maoni yake pembeni na kutaja njia zinazoruhusiwa bado. Ya kwanza katika orodha yake ilikuwa kuchagua kimkakati mahali pa kujenga shule mpya. Maana yake, kiwanja kimebakia mojawapo ya zana chache za kuchanganya watoto zilizo wazi kisheria. Anayesema mahali ni suala la kiufundi tu hajaisoma hukumu hiyo.

Programu ya upande mmoja ina uhuru zaidi, na hapa ndipo wanaotaka katikati ya wilaya na wanaotaka pembeni hushindana. Hoja ya katikati ni haki ya umbali: hakuna anayesafiri maili nane ili mwingine atembee hatua mia mbili. Ni hoja nzuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba katikati ya wilaya mara nyingi ndiko kwenye shule zilizojaa na barabara zilizosongamana, na nukta ya katikati ya ramani si katikati ya watoto. Anayetaka kupima kwa haki achukue anwani za waombaji wa miaka mitatu, atafute wastani wa dakika za safari saa moja na nusu asubuhi kwa kila jengo linalofikiriwa, kisha atazame robo ya familia zenye safari ndefu zaidi. Wastani huficha hao.

Na bila basi, maneno "wazi kwa wote" ni kilemba cha ukoka. Sheria ya California, kwa mfano, haiilazimishi wilaya kumpa kila mwanafunzi usafiri, na shule za hiari huwa za kwanza kukatwa bajeti ya mabasi. Njia nafuu kuliko basi la mlango kwa mlango ni vituo vya pamoja: basi hukusanya watoto kwenye shule tatu au nne za mitaa na kuwapeleka kwenye shule ya lugha. Ili hilo liwezekane, kengele ya shule ya lugha lazima ilie dakika 20 hadi 30 baada ya ile ya shule za vituo, maana mzazi mwenye watoto katika shule zote mbili huwaacha wote kituoni, kisha basi ndipo liondoke. Hili likisahaulika, basi hutembea na viti vitupu, na mwaka unaofuata hufutwa kwa kukosa abiria.

Magari nayo yana hesabu yake. Chukua shule ya watoto 450 ambayo wanne kati ya kila watano huletwa kwa gari: ni watoto 360. Kwa mtoto mmoja na nusu kwa gari, ni magari 240. Nusu yao wakifika kwa pamoja jioni, kila gari likila mita 7, foleni ni mita 840. Barabara ya ndani ya mtaa haimezi foleni hiyo. Itaziba lango la nyumba za watu, na majirani watafika kwenye kikao cha bodi wakiwa na picha. Jengo linalofaa lina milango miwili ya magari na linapakana na barabara kubwa. Shule ya mtaa inaweza kuishi bila hayo kwa sababu watoto wake hutembea.

Vyumba ndivyo vinavyodanganya kuliko vyote. Shule inaonekana ina vyumba vinne vitupu, programu inaanza na mikondo miwili ya chekechea, kila mtu anafurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini programu hukua kwa madarasa mawili kila mwaka: mwaka wa tatu inahitaji vyumba sita, na ikifika darasa la tano inahitaji 12. Kufikia hapo mwenyeji ndiye anayetafuta pa kulala. Vilevile chumba si chumba tu. Viwango vya California vinataka futi za mraba 960 kwa darasa la kawaida na 1,350 kwa chekechea, pamoja na choo na stoo. Vyumba vinne vitupu ambavyo hakuna hata kimoja cha chekechea ni sawa na kukosa nafasi, kwa kuwa programu ya lugha huanzia chekechea.

Tena kuna upungufu wa njiani. Mtoto anayehama akiwa darasa la tatu katika shule ya kawaida hujazwa na mwingine; katika shule ya lugha hajazwi, kwa sababu mgeni wa darasa la tatu haelewi somo la hesabu. Anza na watoto 48, poteza watatu kila mwaka, darasa la tano watabaki 33: wengi mno kwa chumba kimoja, wachache mno kwa walimu wawili. Ukianza na mikondo mitatu ya watoto 24, jumla 72, na kupoteza wanne kila mwaka, darasa la tano lina 52, yaani mikondo miwili iliyojaa. Hiyo inadai vyumba vitatu vya chekechea. Utah, jimbo lililopitisha sheria ya kugharimia programu hizi mwaka 2008, huweka walimu wawili kwa kila kundi, mmoja wa Kiingereza na mmoja wa lugha lengwa, na watoto hubadilishana vyumba katikati ya siku. Huko idadi ya mikondo lazima igawanyike kwa mbili.

Je, iwe mkondo ndani ya shule ya mtaa, au shule nzima? Mkondo ni rahisi kuanzisha, unaijaza shule iliyopungua watoto, na programu ikifa jengo linabaki. Lakini watoto wa mkondo mara nyingi wana wazazi wenye uwezo zaidi, na mwalimu mkuu hujikuta ana shule mbili chini ya paa moja. Shule nzima huondoa mgawanyiko huo na kuihamisha lugha hadi ofisini na jikoni. Bei yake ni kuwahamisha watoto wa mtaa.

Hapo ndipo bodi hujaribiwa na njia ya mkato: funga shule ya mtaa yenye watoto wachache, wape jengo watu wa lugha, litajaa Septemba. Kwa hesabu ya fedha ni sawa. Lakini idadi ya walioandikishwa si idadi ya wanaoishi hapo. Kabla ya kufunga, wahesabiwe watoto wa umri wa shule ndani ya nusu maili, na ionekane wangapi watavuka barabara kubwa kufika shule mpya. Mtaa uliopoteza shule yake na kubaki ukitazama watoto wa wengine wakishushwa kila asubuhi hausahau, na ni haki yake.

Kuahirisha nako kuna gharama. Huko Palo Alto, California, mwanzoni mwa 2007, bodi ilikataa programu ya Kimandarini. Wazazi wakatishia kuomba shule ya mkataba, ile ya umma isiyosimamiwa na wilaya. Kufikia katikati ya mwaka bodi ikakubali, na programu ikaanza 2008 ndani ya Ohlone, shule ambayo tayari ilikuwa ya hiari. Kitisho kilikuwa na meno: sheria ya California iliyopitishwa mwaka 2000 huitaka wilaya iipe shule ya mkataba yenye watoto wake 80 au zaidi jengo linalolingana na la wengine, na ijitahidi kuiweka karibu na inapotaka. Bodi isiyochagua mahali yenyewe inaweza kuchaguliwa mahali hapo na wengine.

Na wanaopinga programu zenyewe wajibiwe kwa ushahidi ulio imara. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walilinganisha, huko Portland, Oregon, watoto walioshinda kura na walioshindwa: walioshinda walitangulia katika kusoma Kiingereza kwa takriban miezi saba darasa la tano na tisa darasa la nane. Kwa sababu kura ndiyo iliyowagawa, si rahisi kusema ni wazazi wao tu.

Kwa mizani hiyo, programu ya pande mbili iende kwa wenye lugha, na eneo dogo la kipaumbele pamoja na kura ya mafungu mawili. Ya upande mmoja iende kwenye jengo lenye vyumba vya chekechea, milango miwili na basi la vituo, hata kama ni pembeni ya ramani. Zote mbili zisiingie kwenye shule ya mtaa iliyojaa zaidi ya asilimia 85, kwa sababu ukuaji wa miaka sita utaikuta.

Kisha itazamwe shule ya kati, ile inayowapokea watoto baada ya darasa la tano, kabla ya kutia saini. Programu mbili za Kihispania zilizowekwa kwenye pembe mbili za wilaya zitamwaga watoto 33 shule hii na 33 ile, na kila moja itamtafuta mwalimu wa historia anayefundisha kwa Kihispania. Zikimwaga shule moja, ni watoto 66, madarasa mawili au matatu, na mwalimu mmoja mwenye ratiba iliyojaa.