Niko Ndani ya Pango

Baba mwenye nyumba wangu hapa Tanga hajawahi kutamka neno kodi. Kwake ni pango tu: "Mwanangu, lile pango langu vipi?"

Ujumbe wake uliingia nikiwa mlangoni mwa Mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kutoka mjini, na shemeji yangu aliyekuja kutembea. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Nikajibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Niko ndani ya pango, simu itakata. Nikitoka tutaongea."

Tukaingia. Popo juu, giza mbele, mwenye tochi anatuonyesha miamba ya chokaa: huyu mamba, hili kochi. Tukafika mzimuni, wanapoacha sadaka wanaoomba watoto. Shemeji akanitazama, nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Kisha likaja tundu. "Inama, bosi, pita kifudifudi." Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likagoma. Shemeji ananisukuma kwa nyuma huku anacheka, na kijana wa watu kaona huo ndio wakati wa historia: kwamba miaka ya 1950 Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi walijificha humu, wakawasumbua sana polisi wa mkoloni. Nikawaonea wivu. Wale hakika walikuwa wembamba.

"Toa pumzi zote, bosi!"

Nikatoa. Kifungo cha suruali nacho kikatoka.

Kumbe nyumbani kumewaka. Mzee kasimama mlangoni kwangu anabisha kwa fimbo, simu mkononi, anawasomea majirani: "Kaandika mwenyewe! Yuko ndani ya pango! Si ndani humu?" Mama wa vitumbua akaapa hajaniona tangu asubuhi. Akaitwa mjumbe. Mjumbe akaweka sikio mlangoni, akasikia friji langu bovu linavyonguruma, akatoa hukumu: "Yumo. Anakoroma."

Ndipo nikatokea barabarani, mavi ya popo begani, suruali imefungwa kwa mtandio wa shemeji.

"Mzee, nilikuwa pangoni. Amboni. Kwenye popo."

"Popo? Nyumba yangu ina dari!"

Shemeji akaongezea hela iliyopungua, yaishe. Mzee akazihesabu mara mbili, akatoa kitabu cha risiti, akaandika "Malipo ya pango". Akanitazama kuanzia begani hadi kwenye mtandio. Akalikata lile neno kwa mstari, juu yake akaandika: "chumba".