Kunguru Ndiye Aliyeniponza

Mimi ndege niliyekuwa namjua vizuri ni kuku, na tulikuwa tunakutana sahanini. Hao wengine niliwahesabu kama kelele tu.

Basi Jumapili moja nimetoka soko la samaki la feri na changu wangu, mnene, wa kununua kwa kufumba macho. Nimemkaanga mwenyewe, nimemweka barazani, nikaingia ndani kuchukua ndimu. Ndimu tu jamani! Natoka, sahani tupu. Kutazama juu ya mwarobaini, kunguru kamkanyaga changu wangu kwa mguu mmoja, anamchambua taratibu kama mwenye nyumba, na miba anaidondoshea kwenye ndoo yangu ya maji.

Nikatafuta manati. Lakini yule kiumbe anakusoma! Ukiinama kuokota jiwe, keshapaa. Ukisimama mikono mitupu, anatulia anakutazama kwa jicho moja, kama mtu anayekudai. Babu wa nyumba ya pili akaniambia, "Mwanangu, hao si wa huku. Wazungu waliwaleta Unguja toka Bara Hindi miaka ya 1890, eti wale taka." Haya. Hela ya taka natoa kila mwezi, na changu naongezea.

Ili nimvizie vizuri, nikaazima darubini ya shemeji, baharia mstaafu. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Namtafuta kunguru, darubini ikatua kwenye ua la mgomba: kidege kama kidole gumba, mgongo wa kijani unameremeta, mdomo umepinda kama sindano ya magunia. Ndege chozi huyo! Miaka tisa napita chini ya mgomba ule nikienda chooni, sijawahi kumwona.

Kesho yake nikahamia kwa mnana, kwenye mnazi wa jirani. Dume, manjano tupu, anachana ukuti, anasuka kiota, akimaliza ananing'inia kichwa chini anapigapiga mbawa akiita mke. Jike anakuja, anaingia, anakagua, anatoka, anaenda zake. Asipopata wa kukikubali, dume anakibomoa na kuanza upya. Jamani, mimi nina pagale Chanika, mwaka wa sita huu. Mama watoto aliingia mara moja tu, akauliza, "Jiko ndiyo hili?" akarudi kwenye bodaboda. Nikashusha darubini, macho yamelowa.

Shida ni kwamba mnazi ule uko nyuma ya bafu la jirani, na bafu halina paa. Jioni nikaitwa kwa mjumbe, jirani keshafika, kanuna.

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Mnana, mzee."

"Mnana gani anavaa khanga?"

Nikaeleza yote, kuanzia changu. Watu wanacheka, jirani hacheki. Mjumbe akasema lete hicho kidhibiti, akaenda kukagua mwenyewe, akaelekeza kwenye mnazi. Dakika tano. Kumi. Giza linaingia, mzee hajabanduka.

Leo wiki ya pili darubini iko kwake, na shemeji ananipigia simu kila asubuhi. Jana nimekwenda kuidai, nikamkuta juu ya stuli, kaniinulia mkono ninyamaze.

"Shii! Kile cha tatu, jike kaingia tena."

Huko uani mkewe anafoka, nani kachukua sabuni yake juu ya karo. Nikatazama paani. Namjua.