Ramani chini ya kioo: makumbusho yatuonyeshe nini?

Mwaka 1943 mabomu yaliangukia mji wa Hannover, Ujerumani, na ramani ya Ebstorf ikateketea. Ilikuwa ramani ya dunia ya karne ya 13, iliyochorwa juu ya ngozi 30 za mbuzi zilizoshonwa pamoja, upana wake zaidi ya mita tatu na nusu. Tunaijua leo kwa sababu ya nakala zilizotengenezwa kabla ya vita. Wasioona haja ya makumbusho ya historia ya ramani hawana mfano mzito kuliko huu. Ya asili iliungua, nakala ikabaki. Wangeweza kumtaja pia mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake na ramani yake ya dunia huko Sicily mwaka 1154 chini ya Mfalme Roger wa Pili. Sahani kubwa ya fedha iliyochongwa ramani yake ilipotea. Kitabu kikanusurika kwa kunakiliwa kwa mkono.

Basi, wanauliza, kwa nini tujenge jumba badala ya kulipia skana? Hoja yao si ya kupuuzwa. Wino na karatasi za zamani huumizwa na mwanga, kwa hiyo ramani huonyeshwa kwenye mwanga hafifu wa lux 50 hivi, kwa muda mfupi, kisha hurudishwa gizani. Mgeni anachungulia kioo nyuma ya mabega ya wenzake. Kusema kweli, nikitaka kusoma jina la mji mdogo katika atlasi ya Ortelius ya mwaka 1570, nitafungua kompyuta na kuikuza picha nitakavyo. Kwa kazi ya kusoma karatasi, makumbusho yameshashindwa.

Lakini ramani si maandishi tu. Kwenye skrini, ramani ya dunia ya Mjerumani Waldseemüller ya mwaka 1507, yenye karatasi 12 na upana wa zaidi ya mita mbili, hulingana na ramani ya kutia mfukoni. Tufe nalo huwa duara bapa. Mjini Sint-Niklaas, Ubelgiji, yapo makumbusho ya Mercator, mchora ramani wa karne ya 16, yenye tufe lake la dunia la mwaka 1541. Juu yake zimebandikwa karatasi zilizokatwa vipande vyembamba vilivyochongoka ncha, mithili ya maganda ya chungwa. Litazame tufe kama hilo, kisha uitazame ramani yake bapa ya mwaka 1569, na hutahitaji mhadhiri. Ili njia ya baharia anayeshika mwelekeo mmoja wa dira iwe mstari ulionyooka, Mercator alilazimika kuzivuta nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Ndiyo maana Greenland inaonekana kushindana na Afrika, ambayo kwa kweli ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Wapo wanaomwita mwongo kwa hilo. Mimi naona alikuwa fundi aliyetimiza haja ya mabaharia. Waliokosea ni waliokuja kuitundika kazi hiyo darasani.

Ufundi huo ndio unaonifanya nielemee upande wa makumbusho. Ramani nyingi za zamani zilichapishwa kwa bamba la shaba, na bamba hilo lilichongwa kinyume, kama kwenye kioo, ili lichapishe sawasawa. Kosa lilirekebishwa kwa kuligonga bamba kutoka nyuma hadi uso usawazike, kisha kuchonga upya. Ilikuwa kazi ya gharama, na mabamba yalitumika miaka mingi. Mwaka 1798 mchora ramani Mwingereza James Rennell alichora safu ya milima ya Kong ikikata Afrika Magharibi. Wachoraji wengine wakaiiga, ramani ikizaa ramani, hadi mvumbuzi Mfaransa Binger alipopita huko kati ya 1887 na 1889 asiione. Karibu miaka 90 ya milima isiyokuwapo! Uzipange ramani hizo ukutani kwa mfululizo, utaona uvumi ukigeuka kuwa ukweli.

Ila ili kuonyesha hayo, huhitaji vitu adimu sana. Mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani ilikamilisha ununuzi wa ramani ile ya Waldseemüller kwa dola milioni 10, kwa kuwa ndiyo nakala pekee inayojulikana kubaki na ndiyo ya kwanza kuandika jina America. Kwa maktaba ya taifa, sawa. Makumbusho ya utengenezaji wa ramani yakiingia mbio hizo, yatakuwa duka la vito. Bamba moja lililochakaa, mnyororo wa mpima ardhi na nakala nzuri za karatasi vingenitosha.

Ugumu mkubwa uko kwenye kibao cha maelezo. Chukua ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyosambaa Ulaya mwaka 1856, ikionyesha ziwa moja kubwa lenye umbo la koa katikati ya Afrika Mashariki. Watu waliicheka, lakini mwaka uliofuata wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walianza safari kuelekea bara kulitafuta ziwa hilo. Wamisionari hao hawakulifikia. Waliwauliza wafanyabiashara wa misafara, Waarabu na Waswahili, wakaunganisha habari za maziwa kadhaa kuwa ziwa moja. Kibao kikiandika majina mawili tu ya wamisionari, kinarudia alichofanya mchapishaji wa ramani. Na kikitaka kuwataja wasimulizi, kitaandika nini, ikiwa karatasi yenyewe haikuandika majina yao?