Mtangazaji wa michezo wa Tabora si lazima aanzie Dar

Kijana wa Tabora akisema anataka kuwa mtangazaji wa michezo, wakubwa humjibu kwa mkato: panda treni, nenda Dar. Wana hoja. Haki za televisheni za Ligi Kuu zilichukuliwa na Azam Media mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 225.6, mkataba wa miaka 10, na za redio zikaenda TBC. Studio kubwa ziko huko, wadhamini wako huko. Redio nyingi za mikoani zinaishi kwa matangazo madogo madogo, na kijana anaweza kujitolea muda mrefu akiambulia nauli tu.

Lakini huko Dar atajifunzia wapi kutangaza mechi? Chuo atakipata, na stashahada aitafute kweli, kwa kuwa kanuni za Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zinaitaka. Kipaza sauti cha mechi kubwa, hata hivyo, hakabidhiwi mgeni.

Tabora ilipokea UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule za msingi na sekondari, mwaka 2022 na tena 2023. Hiyo ndiyo shule ninayoisemea. Huku soka, kule netiboli, pembeni mpira wa mikono. Wachezaji hawajulikani, jezi hazina majina. Kabla ya filimbi inabidi umfuate kocha, unakili kikosi, uulize kila jina linatamkwaje, na kipindi cha pili urudi kwake maana kashabadilisha watatu. Halafu msikilizaji wa redio haoni kitu: mwambie mpira uko upande gani, nani anao, anakabwa na nani, dakika ya ngapi, matokeo yakoje. Ukinyamaza kidogo anadhani mitambo imezima. Aliyemudu nusu fainali ya netiboli ya mikoa miwili asiyoijua, watani wa jadi hawatamtisha.

Ipo pia hesabu ambayo wengi hawaipigi. Tangu Tabora United (sasa TRA United) na Mashujaa ya Kigoma zipande Ligi Kuu mwaka 2023, kila timu imekuwa na mechi 15 za nyumbani kwa msimu, kwa sababu ligi ina timu 16. Kumi na tano! Simba, Yanga na Azam zote zinakuja Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora, au Lake Tanganyika, Kigoma. Huna haki ya kutangaza mubashara, sawa. Ila mazoezini unakwenda kwa miguu, kocha anakufahamu kwa jina, na jeraha la beki unalijua kabla mwandishi wa Dar hajafika. Ligi ya wilaya na ndondo, yaani mechi za mitaani, hazina mkataba wa mtu. Zitangaze, jirekodi, jisikilize. Dar uende baadaye ukiwa na sauti ya kuwasikilizisha.

Kikwazo ninachokikubali ni malipo. Wenye redio wakiendelea kumpa kijana nauli tu, akaondoka mwaka wa pili, mimi sitamlaumu.