Nilifuata Zipu ya Buku

Kazini mimi ndiye ninayekagua risiti za wenzangu. Mtu akirudi safari na risiti iliyofutwafutwa tarehe, namrudishia mezani kwake. Hesabu nazijua, naomba hilo lieleweke kabla hamjaanza kucheka.

Jumamosi ile nilikuwa nimepokea mchezo. Tuko kumi, kila wiki elfu 50, zamu yangu ya tatu: 500,000 mkononi, na wiki saba za kuchangia wengine bado zinanisubiri. Chumba na sebule napanga 150,000 kwa mwezi, na mama mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu kwa mkupuo. Kwa hiyo 450,000 ilikuwa tayari na mwenyewe. Nikashuka Kariakoo kufuata zipu ya gauni la harusi ya mdogo wangu. Buku tu.

Mtaa wa Kongo una uchawi wake. Dera moja elfu 15, ukichukua kuanzia sita unapewa bei ya jumla, elfu 12. Nikapiga hesabu palepale: nimeokoa 18,000! Kwamba nimetoa 72,000 kwa nguo nisizozihitaji, ukurasa huo wa daftari sikuufungua. Moja yangu, tano nitauza ofisini. (Zilitoka zote siku moja, kwa mtindo wa "andika tu, shoga, mwisho wa mwezi.") Zile 18,000 nilizookoa nikaziona kama za kuokota, nikaongezea nikanunua pazia zito la sebule. Pazia likataka fimbo, fimbo ikataka fundi wa kutoboa ukuta. Na viatu, maana dera jipya kwa ndala za zamani ni kujidhalilisha.

Nilifika nyumbani na 170,000. Zipu nimesahau.

Jumatatu nikaenda kwa watu wa kausha damu. Mkopo 300,000, wanakata 15,000 ya fomu, unaondoka na 285,000. Marejesho 13,000 kila siku kwa siku 30, jumla 390,000. Wao wanasema riba ni asilimia 30. Lakini marejesho yanaanza kesho yake, kwa hiyo kwa wastani hela unayokaa nayo ni nusu tu ya uliyokopa. Ukijumlisha na fomu, riba halisi inapita asilimia 60 kwa mwezi. Haya yote niliyajua nikiwa kwenye foleni. Nikasaini, nikaandikisha friji na televisheni kuwa dhamana, kodi nikalipa.

Mtu mwenye deni la namna hiyo hutulia. Mimi niliagiza wigi mtandaoni. Inchi 14, lesi mbele, elfu 85, kuletewa elfu 5, unalipa mzigo ukifika. Harusi ni harusi.

Siku wigi linakuja nilikuwa nimeruka marejesho ya siku tatu: 39,000, na faini ya elfu 5 kwa kila siku, jumla 54,000. Asubuhi dada wa marejesho akaja, akakaa kwenye benchi nje ya mlango wangu na daftari lake. Mimi ndani, simu nimezima, nyuma ya pazia jipya. Nalisifu lile pazia, halionyeshi kitu.

Saa tano nikasikia pikipiki, kisha sauti: "Dada! Wigi lako!"

Sauti nyingine ikamjibu, ya upole kabisa: "Yumo, gonga tu."

Kikapita kimya. Nikajiambia yule dada keshachoka, kaondoka. Nikafungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, nikatoa 90,000. Zikapokelewa na mkono wenye bangili mbili.

Bodaboda gani anavaa bangili?

Akahesabu mbele yangu, bila haraka. Akatoa 54,000 za malimbikizo, akaniandikia stakabadhi. Bodaboda akasema wigi analirudisha, lakini nauli yake ni ya kuja na kurudi, elfu 10. Akapewa. Zikabaki 26,000.

"Hizi ni za leo na kesho kamili," akasema yule dada, akaziweka kwenye pochi.

Nilikuwa nafunga mlango nilipomsikia anamwita bodaboda. Nikachungulia. Kalifungua boksi, wigi kalivaa juu ya rasta zake, anajitazama kwenye kioo cha pikipiki.

"Kaka, huyu muuzaji wako," akauliza, "anakubali kulipwa kidogo kidogo?"