Kijiji chetu kiliitwaje kabla ya kuhamishwa?

Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, nilikozaliwa na Suffolk ninakoishi sasa, mashariki mwa Uingereza, zote ni sehemu za wakulima na zote zina wazee wanaopenda kusimulia. Tofauti ni kwamba Suffolk yuko anayeandika. Parishi nyingi, yaani maeneo yaliyotokana na yale ya kanisa ambayo huku ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, zina mtu wa kujitolea anayeweka kumbukumbu za kila mwaka, chini ya mpango wa baraza la historia la jimbo lililoanzishwa mwaka 1953. Taarifa zao huhifadhiwa katika nyaraka za jimbo.

Katika parishi ninayoishi kazi hiyo anaifanya mama mmoja mstaafu, jirani yangu. Hangoji jambo kubwa litokee. Huandika duka lililofungwa, ratiba ya basi iliyobadilishwa, shamba lililouzwa likajengwa nyumba, na maji ya mafuriko yalipoishia. Jioni moja nilimkuta na picha za sherehe ya mavuno, akizigeuza moja moja na kuandika nyuma yake kwa penseli laini majina ya watu, kuanzia kushoto kwenda kulia, taratibu asije akaikwaruza karatasi. Alipofika kwenye picha niliyokuwamo, aliniomba nimtajie jina langu herufi kwa herufi, kisha jina la kijiji changu, na mwisho akauliza kama kimeitwa hivyo tangu zamani. Sikuwa na jibu.

Kijiji chetu kilitokana na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipoondolewa kwenye makazi yao ya zamani, hata kabla ya agizo la Rais Nyerere la Novemba 1973 lililotaka wakazi wote wa mashambani wawe vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Bibi yangu alihama akiwa na mtoto mgongoni, na hadi anafariki alijua kila kilima alichokiacha na nani amezikwa wapi. Nilipompigia simu baba mdogo, alinitajia majina mawili ya makazi hayo. La tatu likamponyoka.

Wapo watakaosema kwamba sisi historia yetu huishi midomoni mwa wazee. Kwa upande wa nasaba nakubali kabisa, kwani baba mdogo hutaja vizazi saba bila kusita, ilhali jirani yangu hulazimika kufungua vitabu vya ubatizo, vilivyoamriwa kuwekwa Uingereza mwaka 1538. Lakini nasaba tunaikumbuka kwa sababu tunaihitaji kwenye kila posa na kila msiba. Nani anakariri mwaka ambao kisima kilichimbwa, au mahali wazee walipokubaliana mpaka upite? Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo yenye dhamana ya ardhi hiyo, na mpaka usio na maandishi ni ugomvi unaosubiri wajukuu. Mihtasari ya mikutano ya kwanza ya kijiji chetu, nimeambiwa, iliishia kwa mchwa.

Kwa hiyo naona kila kijiji kinahitaji mtu mmoja, mwalimu mstaafu au katekista, mwenye daftari mbili zinazofanana: moja ibaki kijijini, nyingine ipelekwe wilayani. Baba mdogo amekubali kuanza. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza, na jina la tatu limo. Amelipata kwa bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, naye ameandika pembeni jina la bibi huyo na siku aliyomweleza.