Chenji ya Bibi

Haya, kwa vile mpiga ngoma wangu kesharusha klipu na maneno eti "msanii amkaba bibi yake pesa", naomba na mimi nisikilizwe.

Uzinduzi wa albamu, jana usiku, hapahapa Mji Mkongwe. Nyimbo nane, zote nimetunga mwenyewe. Kabla ya wimbo wa tatu nikajitia kusimulia nilivyolelewa na taarab, bibi akiitikia nyimbo klabuni na mimi nimelazwa chini ya ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi (kweli kabisa hiyo), watu makofi, mmoja nikamwona anafuta machozi. Bibi mwenyewe yuko mbele na buibui lake. Huyu ndo yule nilipomwambia nimemaliza kurekodi akanijibu Siti binti Saad alikwenda mpaka Bombay 1928 kurekodi, we umerekodi chumbani kwa rafiki yako, tena kitanda hakijatandikwa.

Basi nipo kwenye kipokeo, nimefumba macho, sauti imekubali, nasikia vigelegele, kufumbua, bibi huyo anakuja kunituza! Anacheza taratiiibu, noti ya elfu kumi kaiinua juu kila mtu aione. Moyo ukanijaa jamani. Nikainama, nikaishika. Haiji. Nikavuta kidogo. Haiji! Nyie, tumesimama hivyo, mimi huku yeye kule, noti katikati, naimba huku natabasamu kama nimeumwa jino, bibi akasogea aninong'oneze na mimi mjinga nikamsogezea sikio na maiki iko mkononi, ukumbi mzima ukasikia:

"Nirejeshee elfu tano, mjukuu wangu, sijanunua umeme."

Fidla ikakoroma, mpigaji kicheko kimembana upinde ukamteleza. Mzee wa ganuni, Mungu ampe umri, anarudia kipande kilekile ananisubiri mimi, mwimbaji wenu, nimepiga goti najipapasa mifuko ya koti la kuazima, natoa elfu mbili, natoa buku, natoa sarafu moja moja, zinalia kwenye maiki, na bibi anahesabu. Kwa sauti. (Nyie mnaocheka huko nawaona.)

Zikapungua mia tano. Akaniachia noti, akarudi kukaa anacheza vilevile.

Wimbo uliishaje sijui. Albamu ziliuzwa kiasi, ila kila aliyekuja kununua aliniuliza kama nina chenji.

Asubuhi hii bibi kapiga simu, nikajua anataka kuniomba radhi. Anaulizia mia tano yake.